Ni, Ndiyo na Sawa na: Maana ya Mlinganyo katika Hisabati, Sayansi na Lugha ya Kila Siku

1.0 Utangulizi

Mwalimu wa shule ya msingi huandika ubaoni 3 + 4 = 7 na kusoma: "tatu jumlisha nne ni sawa na saba." Mwalimu wa aljebra huandika 2x + 3 = 11 na kusoma kwa maneno yaleyale. Mwalimu wa fizikia huandika F = ma, naye pia husema "ni sawa na". Mtaalamu wa kompyuta huandika x = x + 1, kauli ambayo katika hisabati haiwezi kuwa kweli kwa namba yoyote. Nje ya darasa, mzee humwasa kijana kwamba akili ni mali, wala haandiki alama yoyote. Kauli zote hizi zina umbo moja: kitu cha upande huu, kiungo katikati, kitu cha upande wa pili. Swali la mhadhara huu ni iwapo zina maana moja.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba hazina maana moja, na kwamba tofauti nyingi zinazofichwa na alama ya = zimo wazi katika sarufi ya Kiswahili. Lugha hii ina ni, ndiyo, huwa, na iwe, ni sawa na, hulingana na. Kila kimojawapo kina kazi yake, na msemaji wa Kiswahili huzitenganisha kazi hizo kila siku bila kufundishwa. Darasani, hata hivyo, utajiri huo huachwa mlangoni, na milinganyo ya kila aina husomwa kwa fungu moja la maneno. Hasara yake huja kuonekana baadaye, mwanafunzi anaposhindwa kuelewa jambo ambalo lugha yake ilikuwa na uwezo wa kumweleza.

2.0 Neno na Alama

Neno mlinganyo lenyewe linastahili kuchunguzwa kwanza. Mzizi wake ni -linga, wenye wazo la kuweka kitu kando ya kingine ili kuona kama vinaoana. Mzizi huo unapopewa kiambishi cha kutendana, tunapata lingana: vitu viwili vinaoana, kila kimoja na mwenzake. Kiambishi cha kusababisha kinapoongezwa, tunapata linganya, kwa njia ileile ambayo gawana huzaa gawanya na changana huzaa changanya. Kwa hiyo mlinganyo, kwa umbo la neno, ni tendo la kuvifanya vitu vilingane.

Umbo hilo limebeba somo la hisabati. Kiambishi -an- hudai usawa wa pande mbili: ikiwa A inalingana na B, basi B inalingana na A. Wanahisabati huihesabu sifa hiyo kuwa miongoni mwa sifa za msingi za usawa. Kitenzi kishirikishi ni hakina dai hilo. Simba ni mnyama, lakini haifuati kwamba mnyama ni simba.

Historia nayo ina la kusema. Mnamo mwaka 820 hivi, mjini Baghdad, Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi aliandika kitabu ambacho jina lake la Kiarabu, kwa ufupi, ni Kitab al-mukhtasar fi hisab al-jabr wa-l-muqabala. Msomaji wa Kiswahili halioni jina hilo kuwa geni kabisa. Kitabu, muhtasari na hesabu zimo. Muqabala ni ndugu wa neno letu mkabala. Na mzizi wa jabr ndio uliotupa jabari. Kwa al-Khwarizmi, jabr ilikuwa kukiondoa kiasi kilichotolewa upande mmoja kwa kukiongeza pande zote mbili, na muqabala ilikuwa kupunguza viasi vya aina moja vinavyokabiliana. Kitabu hicho hakikuwa na alama yoyote ya aljebra. Mlinganyo ambao leo tungeuandika x² + 10x = 39 ulielezwa wote kwa maneno: mraba na mizizi yake 10 ni dirham 39. Jibu lake ni 3, kwa kuwa 9 na 30 ni 39. Mraba huo, yaani x², al-Khwarizmi aliuita mal, neno lilelile ambalo Kiswahili kililipokea kuwa mali.

Alama ya = ilikuja zaidi ya miaka 700 baadaye. Ilitumiwa kwanza mwaka 1557 na Robert Recorde, tabibu na mwanahisabati mzaliwa wa Wales, katika kitabu chake The Whetstone of Witte. Recorde alieleza kwamba alitaka kuepuka kuyarudiarudia maneno ya usawa, na kwamba alichagua mistari miwili sambamba yenye urefu mmoja kwa sababu hakuna vitu viwili viwezavyo kulingana zaidi ya hivyo. Haikupokewa mara moja. Hata mwaka 1637 René Descartes alitumia alama nyingine katika kazi yake ya jiometri. Jambo la kukumbuka ni kwamba alama hii ilizaliwa kama ufupisho wa maneno. Kinachofupishwa hakipotei, lakini huweza kusahauliwa.

3.0 Mlinganyo katika Hisabati

Hata ndani ya hisabati pekee, alama ya = hufanya angalau kazi nne.

Kazi ya kwanza ni kusema kwamba semi mbili zinataja namba moja. Katika 3 + 4 = 7, maandishi ya kushoto na ya kulia ni tofauti, lakini kinachotajwa ni kimoja. Mwanafalsafa wa Kijerumani Gottlob Frege alilitazama jambo hili kwa makini katika makala yake ya mwaka 1892. Aliuliza kwa nini kauli ya kwamba kitu ni kilekile inaweza kutupa maarifa mapya. Mfano wake mashuhuri ni wa nyota ya asubuhi na nyota ya jioni, ambazo zote mbili ni sayari ya Zuhura. Kusema "nyota ya asubuhi ni nyota ya asubuhi" hakumfundishi mtu chochote. Kusema "nyota ya asubuhi ndiyo nyota ya jioni" ni ugunduzi wa elimu ya anga. Frege aliandika Kijerumani, na lugha hiyo ilimpa kitenzi kimoja tu kwa kauli zote mbili. Kiswahili hutumia ndiyo hasa pale ambapo vitu vilivyodhaniwa viwili vinatambuliwa kuwa kimoja.

Kazi ya pili ni kuweka sharti. Mlinganyo 2x + 3 = 11 hausemi kwamba jambo fulani ni kweli; unauliza ni wakati gani litakuwa kweli. Ni kweli x ikiwa 4, na si kweli kwa namba nyingine yoyote. Kuna milinganyo yenye majibu mawili, kama x² = 9, na kuna isiyo na jibu, kama x + 1 = x. Mwanafunzi anayesoma "mbili eksi jumlisha tatu ni sawa na kumi na moja" anatamka kauli ya kuthibitisha, hali mbele yake pana swali.

Kazi ya tatu ni kutaja ukweli wa daima. Katika (a + b)² = a² + 2ab + b², hakuna cha kutafuta. Namba zozote zikiwekwa mahali pa a na b, pande mbili zitalingana. Kimaandishi, mlinganyo huu na ule wa sharti havitofautiani hata kidogo.

Kazi ya nne ni kutoa fasili au agizo. Mwanahisabati anaposema x = 5 mwanzoni mwa hoja, hatoi habari iliyokuwapo; anaamuru. Kiswahili kina umbo maalumu la kazi hiyo, nalo ni dhamira tegemezi: "x na iwe 5." Hapa ndipo pia panapoeleweka ile kauli ya kompyuta, x = x + 1. Si dai la usawa, ni amri: x ipewe thamani yake ya sasa ikiongezwa 1. Baadhi ya waunda lugha za kompyuta waliona utata huo mapema. Lugha ya Algol 60 ilitumia alama := kwa amri, na kuiacha = iwe ya usawa. Lugha ya C, iliyobuniwa miaka ya 1970, ilichagua njia nyingine: = kwa amri, na == kwa kuuliza iwapo pande mbili zinalingana.

Wanahisabati walilitenga pia ni la uainishaji. Mwaka 1889 Giuseppe Peano wa Italia alianza kutumia herufi ya Kigiriki epsiloni kuonyesha kwamba kitu fulani kimo katika kundi fulani, kwa kuwa ndiyo herufi ya kwanza ya neno la Kigiriki lenye maana ya "ni". Kwa hiyo "7 ni namba tasa" huandikwa kwa alama yake, na "3 + 4 ni 7" kwa alama nyingine.

4.0 Mlinganyo katika Sayansi

Sayansi huazima milinganyo kutoka hisabati, lakini huongeza masharti mawili: vipimo na ulimwengu.

Sharti la vipimo ni kwamba pande mbili lazima ziwe za aina moja. Kauli "mita 3 = mita 4" ni uongo, lakini angalau ina maana. Kauli "mita 3 = sekunde 3" haifikii hata daraja la uongo, kwa kuwa urefu na muda havina mahali pa kukutania. Kanuni hii haikuanzia maabara. Wafanyabiashara wa pwani walijua kwamba pishi moja ni vibaba vinne, na kwamba mlinganyo huo unasimama kwa sababu pishi na kibaba vyote ni vipimo vya ujazo.

Sharti la pili ni kwamba mlinganyo wa sayansi hujibu mbele ya ulimwengu. Tuchukue F = ma, ambamo F ni kani, m ni tungamo, na a ni mchapuko, yaani kiwango cha kubadilika kwa mwendo kwa kila sekunde. Kitu chenye tungamo ya kilo 2 kikiongezewa mwendo wa mita 3 kwa sekunde katika kila sekunde, kani inayokisukuma ni nyutoni 6. Je, inafaa kusema kwamba kani "ni" tungamo mara mchapuko? Kani huweza kuwa msukumo wa mkono, mvuto wa dunia au mvutano wa kamba. Hakuna kati ya hivyo kilicho zao la namba mbili. Kinacholingana ni kiasi. Isaac Newton mwenyewe, katika kitabu chake cha mwaka 1687, aliitoa sheria hii kwa maneno, akizungumzia mabadiliko ya mwendo yanayofuata ukubwa wa kani. Umbo la mlinganyo lilikuja kukuzwa na wanahisabati wa karne ya 18, hasa Leonhard Euler.

Aljebra huruhusu mlinganyo huo ugeuzwe uwe m = F/a. Kwa hesabu, hakuna kilichobadilika. Lakini atakayedhani kwamba tungamo ya jiwe huongezeka likisukumwa kwa nguvu zaidi atakuwa amesoma mlinganyo kama simulizi ya sababu na tokeo. Alama ya = haina mshale. Mlinganyo huu pia una mipaka: katika mwendo unaokaribia ule wa mwanga, umbo hili halitoshi tena. Ukweli wa 3 + 4 = 7 haungoji kipimo; ukweli wa F = ma uliletwa na vipimo, na kwa vipimo ukawekewa mpaka.

Kemia, kwa upande wake, inahitaji mshale. Molekuli 2 za haidrojeni na molekuli 1 ya oksijeni hutoa molekuli 2 za maji. Molekuli 3 zimekuwa 2. Basi ni nini kilicholingana? Ni atomi, 6 kabla na 6 baada, na pamoja nazo tungamo: gramu 4 za haidrojeni na gramu 32 za oksijeni hutoa gramu 36 za maji. Kuusoma mlinganyo huo kwa "ni sawa na" ni kudai kwamba mchanganyiko wa gesi mbili ni maji. Kitenzi chake stahiki ni hutoa.

Mfano mmoja wa fizikia unaonyesha wazi kuliko yote kwamba maana haimo katika maandishi peke yake. Kasi ya mwanga katika ombwe ni mita 299,792,458 kwa sekunde. Mwaka 1975 tarakimu hizo zilipendekezwa kimataifa kama thamani bora iliyopatikana kwa vipimo, pamoja na shaka ndogo ya kipimo. Mwaka 1983 mkutano wa kimataifa wa vipimo uliamua kwamba mita yenyewe ifasiliwe kwa kasi hiyo. Tangu hapo, namba ileile haina shaka tena, kwa kuwa imekuwa fasili. Hakuna tarakimu iliyobadilika. Kilichobadilika ni mamlaka ya mlinganyo: jana ulisimama kwa kipimo, leo unasimama kwa makubaliano.

5.0 Mlinganyo katika Lugha ya Kila Siku

Wanaisimu huziita sentensi kama "Asha ni mwalimu" sentensi za kimlinganyo, lakini jina hilo linahitaji tahadhari. "Asha ni mwalimu" humweka Asha katika kundi, haigeuziki. "Asha ni mrefu" humpa sifa. "Asha ndiye mwalimu wetu" humtambulisha, na ni hii pekee igeuzikayo bila hasara: "mwalimu wetu ndiye Asha." Tazama pia kwamba ni halibebi wakati. Tukitaka wakati, hatuna budi kutumia kuwa: alikuwa, atakuwa, huwa. Ndiyo maana ni linaifaa hisabati, na ndiyo maana "mbili na mbili zilikuwa nne" huwashangaza wasikiaji.

Methali huutumia umbo hili kwa namna ambayo sayansi inaikataza. "Wakati ni mali" huunganisha vitu vya aina mbili ambavyo havina kipimo cha pamoja. "Umoja ni nguvu" hufanya vivyo hivyo. Kutolingana kwa aina, ambako katika fizikia hufuta maana, katika methali ndiko kunakoizaa. Msikiaji hulazimika kutafuta ni kwa kigezo gani wakati unafanana na mali: hupotea, huibwa, hutumiwa vizuri au vibaya. Wakati mwingine hata kiungo huachwa. "Kukopa harusi, kulipa matanga" ni milinganyo miwili isiyo na alama. Pande zake zimewekwa mkabala tu, na akili ya msikiaji hukamilisha.

Siasa na elimu ya watu wazima zimeitumia nguvu hiyo pia. Nchini Tanzania, azimio lililotolewa Iringa mwaka 1972 lilijulikana kwa jina la Siasa ni Kilimo. Mwaka 1973 kampeni ya afya iliyoendeshwa kwa redio na vikundi vya kujisomea iliitwa Mtu ni Afya, na mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Hakuna msikiaji aliyedhani kwamba siasa na kilimo vimekuwa kitu kimoja. Kila kauli ilikuwa agizo lililovaa vazi la taarifa: siasa na ijishughulishe na kilimo, mtu na aitunze afya yake. Vazi hilo lina faida, kwa kuwa agizo hubishiwa kwa urahisi kuliko taarifa. Msomi wa lugha anapaswa kulitambua kila linapovaliwa.

Lililobaki ni fungu la maneno ambalo darasa limelichagua: ni sawa na. Katika mazungumzo ya kawaida, fungu hili ni dhaifu kuliko ni. "Kumkopesha yule ni sawa na kutupa fedha baharini" maana yake ni kwamba kumkopesha si kutupa fedha baharini, ila mwisho wake unafanana. Mtu akisema "Juma ni sawa na ndugu yangu", msikiaji huelewa mara moja kwamba Juma si ndugu yake wa kuzaliwa. Kwa hiyo katika lugha ya kila siku, ni sawa na hutangaza mfanano na papo hapo hudokeza tofauti. Katika hisabati maneno hayohayo yanatakiwa kutangaza kwamba hakuna tofauti yoyote ya thamani. Mtoto anaingia darasani na maana ya kwanza. Mara chache huelezwa kwamba imebadilishwa.

6.0 Mlinganyo Darasani

Kutoelewa alama ya usawa si tatizo la lugha moja. Katika uchunguzi uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 1999, wanafunzi walitakiwa kujaza kisanduku katika 8 + 4 = □ + 5. Kati ya wanafunzi 145 wa darasa la sita waliojibu, hakuna aliyeandika 7. Wengi waliandika 12, na wengine 17. Kwao alama ya = ilikuwa na maana ya "sasa toa jibu". Kosa la jamaa hiyo huonekana pia mwanafunzi anapoandika 3 + 4 = 7 + 2 = 9. Hesabu yake ya kichwani ni sahihi, lakini alichokiandika kinadai kwamba 7 ni 9.

Kwa Tanzania suala hili lina uzito wa pekee. Tangu mwaka 1967 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma kwa jumla, na katika sekondari lugha hiyo ni Kiingereza. Mwanafunzi hukutana na 2x + 3 = x + 7 kwa uzito wake wote wakati uleule anapobadilishiwa lugha. Akikwama, lawama huenda kwa lugha mpya. Lakini kama alivuka akiamini kwamba = ni ishara ya kutoa jibu, angekwama kwa lugha yoyote. Dhana ilipaswa kujengwa mapema, kwa lugha aliyokuwa nayo.

Kazi ya istilahi imekwisha kufanywa kwa sehemu kubwa. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa mwaka 1990 na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ni ushahidi kwamba nomino za sayansi zinapatikana. Kinachohitaji uangalizi sasa ni viungo vya sentensi, si nomino. Tofauti zilizochambuliwa hapo juu zinaweza kupewa usomaji wake bila kubuni neno hata moja:

(a) Usawa wa namba, 3 + 4 = 7: "tatu na nne zina thamani moja na saba."
(b) Sharti, 2x + 3 = 11: "x iwe ngapi ili 2x + 3 ilingane na 11?"
(c) Ukweli wa daima: "kwa kila a na b, upande huu hulingana na ule."
(d) Fasili au agizo: "x na iwe 5", na kwa kompyuta, "x ipewe thamani ya x + 1."
(e) Sheria ya maumbile, F = ma: "kiasi cha kani hulingana na zao la tungamo na mchapuko", hu- ikionyesha desturi ya maumbile.
(f) Badiliko la kikemia: "haidrojeni na oksijeni huungana na kutoa maji."

Huenda ikadaiwa kwamba usomaji huu ni mrefu, na kwamba ufupi ndio uliompa Recorde sababu ya kubuni alama yake. Dai hilo ni la haki. Lakini Recorde alifupisha maneno ambayo tayari aliyaelewa. Mwanafunzi hupewa ufupisho kwanza, na maneno yaliyofupishwa asiyapate kamwe. Akishayazoea maneno, hakuna ubaya arudi kwenye ufupi.

7.0 Hitimisho

Mlinganyo hauelezwi na alama yake peke yake. Ili kuuelewa, msomaji hana budi kuuliza mambo matatu: ni vitu gani vinavyolinganywa, vinalingana kwa kigezo gani, na usawa huo unasimama juu ya nini, kama ni hoja, kipimo, makubaliano au wasia wa mzee. Kauli 3 + 4 = 7, kasi ya mwanga, Mtu ni Afya na Wakati ni mali hutoa majibu tofauti kwa maswali hayo matatu, japo umbo lao ni moja.

Sarufi ya Kiswahili ina viungo vya kutosha kuonyesha tofauti hizo. Wanasarufi wamezoea kuvichambua viungo hivyo kama mada ya isimu, na walimu wa hisabati kuviona kama maneno ya kupitia tu kuelekea kwenye namba. Pande hizi mbili zikiwekwa mkabala, mwanafunzi atakayefika sekondari atajua kwamba alama moja ina kazi nyingi, na atakuwa na maneno ya kuuliza ni kazi ipi iliyo mbele yake.